Vazi la Mwalimu Mgeni: Maoni Kutoka Mtera

Utangulizi

Mjadala kuhusu mavazi ya walimu katika nchi yetu huzuka na kuzimika kama moto wa makuti. Huzuka pale mwalimu anapoonekana darasani katika nguo ambayo wazazi hawaipendi. Huzimika pale mamlaka zinapotoa karipio au waraka. Baina ya kuzuka na kuzimika huko, swali la msingi huachwa bila jibu: vazi linalofaa ni lipi, na ni nani mwenye haki ya kuamua kwamba linafaa? Makala haya yanajaribu kulijibu swali hilo kwa kumwangalia mwalimu wa aina moja tu, naye ni mwalimu mgeni.

Kwa mwalimu mgeni tunakusudia watu wa namna mbili. Wa kwanza ni yule anayetoka nchi za nje, kama walivyo vijana wa kujitolea kutoka Marekani, Uingereza na Japani ambao wamefundisha katika shule zetu za sekondari kwa vipindi mbalimbali tangu miaka ya 1960. Wa pili, ambaye kwa kawaida hatumwiti mgeni, ni Mtanzania aliyepangiwa kazi mbali na kwao. Mwalimu aliyezaliwa Pangani akapelekwa Mpwapwa, au aliyelelewa Bukoba akapelekwa Masasi, ana uraia sawa na wanafunzi wake, lakini mbele ya wazazi wa watoto hao yeye ni mgeni kamili. Hajui wanachokiona wanapomtazama.

Hoja ya makala haya ni kwamba vazi la mwalimu ni lugha, nayo husemwa kabla mwalimu hajafungua kinywa. Kwa hiyo, vazi linalofaa ni lile linalofungua njia baina ya shule na nyumba za wanafunzi, na lisilofaa ni lile linaloifunga njia hiyo, hata kama limetimiza kila kifungu cha waraka. Aidha, tutadai kwamba katika historia yetu madhara makubwa zaidi hayakuletwa na mwalimu aliyevaa vibaya. Yaliletwa na mwalimu aliyevaa vizuri, kisha akalitumia vazi lake kumhukumu mzazi.

Mtera na wageni wake

Tumeichagua Mtera kwa sababu mbili. Kwanza, mwandishi wa makala haya alifundisha katika ukanda huo. Pili, Mtera ni mahali ambapo suala la mgeni na mwenyeji ni la kila siku. Mto Ruaha Mkuu na mto Kisigo hukutana hapo, na maji yake yakazuiwa na bwawa lililokamilika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Lengo la kwanza la bwawa hilo lilikuwa kuhifadhi maji kwa ajili ya mitambo ya Kidatu iliyoko chini zaidi. Baadaye, mwaka 1988, Mtera yenyewe ikaanza kuzalisha umeme kwa mitambo yenye uwezo wa megawati 80. Upande wa kaskazini wa bwawa ni nchi ya Wagogo, katika wilaya ya Mpwapwa. Upande wa kusini, kuelekea Migori na Izazi, ni nchi ya Wahehe. Barabara ya Dodoma hadi Iringa hupita juu ya ukuta wa bwawa.

Bwawa lilileta watu. Walikuja mafundi wa umeme, wakaja wavuvi kutoka maziwa ya mbali, wakaja wachuuzi wa samaki, na wafugaji wa makabila mbalimbali wakazidi kusogeza ng'ombe wao karibu na maji. Kwa hiyo mtu akisimama kando ya barabara siku ya gulio atayaona mavazi mengi kwa mtazamo mmoja: shati na suruali za mitumba, khanga na vitenge, kofia za vito, ovaroli za mafundi, na mashuka mekundu au ya bluu yaliyofungwa begani kwa mtindo wa lubega. Hakuna anayemshangaa mwenziwe. Kila vazi linajulikana ni la nani na linakwenda wapi.

Katika mandhari hiyo, shule ndiyo mahali pekee ambapo vazi moja tu huhesabiwa kuwa ni vazi. Mwanafunzi huvaa sare. Mwalimu huvaa kile alichofundishwa chuoni kwamba ndicho nadhifu. Mzazi anayeingia katika uwanja wa shule hujikuta amevuka mpaka ambao haukuwekewa alama yoyote, na huenda asijue kuwa ameuvuka mpaka aambiwe.

Kisa cha mzee wa lubega

Naomba msomaji aniruhusu nieleze kisa kilichonifika mwenyewe, kwa kuwa ndicho kilichonifanya nianze kulitafakari suala hili.

Mwaka 1986 nilikuwa mwalimu kijana, mzaliwa wa pwani, katika shule moja ya msingi ya ukanda huo. Nilikuwa na suti mbili za Kaunda, moja ya kijivu na moja ya kaki, nazo nilizitunza kuliko kitu kingine chochote nilichokuwa nacho. Miaka hiyo nguo zilikuwa bado adimu. Taifa lilikuwa limetoka katika vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, maduka yalikuwa matupu kwa muda mrefu, na mwalimu aliyepiga pasi alionekana kuwa ameushinda ulimwengu. Nilikuwa nimesadiki, kama nilivyofunzwa, kwamba mwalimu ni kioo cha jamii. Sikujiuliza jamii ijitazame katika kioo hicho ili ione nini.

Asubuhi moja alikuja mzee wa Kigogo kuniona kuhusu mjukuu wake, mwanafunzi wa darasa la sita. Alikuwa amevaa shuka iliyofungwa begani, ameshika fimbo, na miguuni ana makubazi ya mpira wa gari. Mzee hakukijua Kiswahili vizuri, nami sikujua Kigogo zaidi ya kuitikia salamu ya Mbukwenyi. Nikamwita mjukuu wake atutafsirie. Kisha, mbele ya mtoto huyo, nikasema kwamba shule ni ofisi ya serikali, na kwamba mzee arudi nyumbani, avae nguo, ndipo aje tuzungumze.

Mtoto alinyamaza kidogo. Halafu alitafsiri. Sijui alitumia maneno gani, lakini sentensi yake ilikuwa ndefu kuliko yangu, na leo naamini kuwa alijaribu kuyapunguza makali. Mzee alinitazama, akaitazama suti yangu, akageuka akaenda zake. Hakurudi tena shuleni siku hiyo wala siku nyingine yoyote katika miaka miwili niliyobaki hapo. Mtoto alikosa masomo wiki nzima. Aliporudi alikuwa mtiifu kama zamani, isipokuwa hakuninyoshea tena mkono kujibu swali.

Ni mwalimu mwenzangu, mwenyeji wa Chipogoro, aliyenieleza nilichokuwa nimekifanya. Aliniuliza kama niliiangalia ile shuka. Nilijibu kwamba niliiona. Akaniuliza tena: je, uliziona alama za mikunjo? Ndipo nikakumbuka kwamba kweli shuka ile ilikuwa na mistari ya kukunjwa, kama nguo inavyokuwa inapotoka dukani. Ilikuwa mpya. Mzee alikuwa ameivaa kwa mara ya kwanza kwa ajili ya kuja kumwona mwalimu. Kwa maneno mengine, katika watu wawili tuliosimama pale, yeye ndiye aliyekuwa amevaa kwa heshima ya mwenziwe. Mimi nilikuwa nimevaa kwa heshima yangu mwenyewe.

Vazi kama lugha

Kisa hicho chaweza kuelezwa kwa maneno ya fani yetu. Mzee alitoa kauli, nami sikuwa na umilisi wa lugha aliyoitumia. Nilisikia kelele pale ambapo palikuwa na sentensi. Mbaya zaidi, nilidhani kwamba kwa kuwa sikuielewa lugha yake, basi hakuwa na lugha. Neno lenyewe nililolitumia linathibitisha kosa hilo. Nilimwambia mtu aliyevaa nguo kwamba akavae nguo.

Kiswahili kina msamiati tajiri wa mavazi, na msamiati huo unabeba maadili ndani yake. Tunapotumia neno stara hatuzungumzii urefu wa kitambaa peke yake. Tunazungumzia hali ya mtu kuhifadhiwa aibu yake na ya wenzake. Ndiyo maana twasema kumsitiri mtu hata pale tunapomaanisha kumfichia siri au kumsaidia katika dhiki. Aliyesitiriwa anaweza kuwa amevaa shuka moja, na aliyefedheheshwa anaweza kuwa amevaa suti. Wahenga walikwishasema kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako. Kwa maoni yetu, suti yangu ya Kaunda, pamoja na usafi wake, ilikuwa nguo ya kuazima kwa maana hiyo: niliiazima hadhi isiyokuwa yangu, na siku nilipoinama kuitumia, ikaniacha wazi.

Mfano wa pili unatokana na mgeni wa ng'ambo. Katika miaka ya 1990 alikuja katika shule moja ya sekondari ya mkoa wetu mwalimu wa kike wa sayansi kutoka nchi ya nje. Alikuwa mtu mwema na mchapakazi. Siku ya kwanza alikuja na blauzi isiyo na mikono, kwani ulikuwa mwezi wa Oktoba, wakati ambao jua la uwanda wa kati halina huruma na mvua bado hazijafika. Mwalimu mwenzake wa kike hakumkaripia. Alimpa khanga ajitande mabegani, akamwambia kwamba hapa jua huingia kwa watu wasiojifunika. Mgeni akaelewa, na tangu siku hiyo akawa anavaa khanga.

Lakini khanga nayo ina jina, na jina hilo husomwa. Mgeni wetu alinunua khanga nzuri ya rangi ya zambarau katika soko la Dodoma, akaivaa kwenda bombani kuchota maji. Maandishi yake yalikuwa kijembe kikali kwa jirani mwenye kuchungulia mambo ya watu. Wanawake waliokuwapo bombani waliyasoma, wakatazamana, kisha wakacheka mpaka ndoo zikamwagika. Jirani yake alimfafanulia maana. Kuanzia hapo hakununua khanga bila ya kumwomba mtu amsomee jina lake na amweleze ni jina la kumvalia nani.

Tukilinganisha visa hivi viwili tunapata funzo. Mgeni wa ng'ambo alikosea mara mbili, na makosa yake yakawa vicheko na urafiki. Mgeni wa ndani alikosea mara moja, na kosa lake likafunga mlango. Tofauti haikuwa katika ukubwa wa kosa la vazi. Kwa hakika, mimi sikuwa na kosa lolote la vazi. Tofauti ilikuwa kwamba yeye alijijua kuwa ni mgeni, mimi sikujijua.

Historia ya amri za mavazi

Ikumbukwe kwamba sikulitunga kosa langu peke yangu. Lilikuwa na historia ndefu, na mtu anayetaka kutunga kanuni za mavazi ya walimu hana budi kuijua historia hiyo.

Walimu wa kwanza wa shule za kisasa katika uwanda wa kati walikuwa wageni. Wamisionari wa CMS walifika Mpwapwa katika miaka ya 1870, na mwaka 1927 ikaundwa dayosisi ya Tanganyika ya Kati ikiwa na wamisionari wengi kutoka Australia. Wakati wa utawala wa Wajerumani, serikali iliwatumia pia watu wa pwani waliosomeshwa katika shule kama ile ya Tanga, nao wakapelekwa bara kuwa makarani, maakida na walimu. Hao walivaa kanzu na kofia. Kwa hiyo mtoto wa Kigogo wa wakati huo aliiona elimu ikija katika mavazi mawili, kaptula na shati la misheni au kanzu ya pwani, na yote mawili yalimwambia kwamba vazi la baba yake limekwisha wakati wake.

Uhuru haukulifuta jambo hilo. Mwezi wa Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha azimio lililojulikana kama Operesheni Vijana, ambalo lilipiga marufuku sketi fupi, nywele za bandia, suruali za kubana na vipodozi vya kujichubua, kuanzia tarehe 1 Januari 1969. Sababu iliyotolewa ilikuwa kulinda utamaduni wa taifa dhidi ya uigaji wa mambo ya kigeni. Lakini katika miaka hiyo hiyo ya mwisho ya 1960, viongozi waliendesha kampeni ya kuwataka Wamasai waache mashuka na wavae suruali, kwa sababu vazi lao lilihesabiwa kuwa ni la kurudisha nyuma maendeleo. Msichana wa Dar es Salaam alishutumiwa kwa kuvaa kigeni. Mmasai alishutumiwa kwa kutovaa kigeni. Katika hali zote mbili aliyeamua hakuwa mvaaji wala jamaa zake.

Majirani zetu walikwenda mbali zaidi. Nchini Uganda, Idi Amin alipiga marufuku sketi fupi mwaka 1972. Nchini Malawi, sheria ya mwaka 1973 iliwakataza wanawake kuvaa suruali na sketi zinazoacha magoti wazi, na wanaume walikatazwa nywele ndefu. Sheria hiyo haikubagua mgeni na mwenyeji. Walimu wa kujitolea kutoka nje waliishi chini yake mpaka ilipoondolewa katika mabadiliko ya kisiasa ya mwanzoni mwa miaka ya 1990. Hapana shaka wageni hao walivaa ipasavyo. Lakini kuvaa kwa kuogopa polisi hakumfundishi mtu chochote kuhusu watu anaoishi nao.

Hapa kwetu, mwaka 2007, Serikali ilitoa waraka kuhusu mavazi ya watumishi wa umma, ukikataza nguo fupi, za kubana na zinazoonesha maungo. Hatuna ugomvi na waraka huo. Mtumishi wa umma anapaswa kuwa na kiasi. Tunachosema ni kwamba waraka huweka sakafu tu. Unamweleza mwalimu asivae nini. Haumwelezi anawavalia akina nani. Mwalimu aliyepelekwa Mtera na mwalimu aliyepelekwa Makunduchi wanausoma waraka uleule, ilhali jamii wanazoziendea zinasoma mavazi kwa alfabeti tofauti.

Kioo cha Japani

Huenda msomaji akadhani kwamba matatizo haya ni ya nchi changa zenye makabila mengi. Kwa ajili ya kupima dhana hiyo, na tuitazame nchi ambayo imewaalika walimu wageni kwa wingi na kwa utaratibu. Tangu mwaka 1987 Japani imekuwa na mpango wa serikali, unaojulikana kwa jina la JET, ambao huwaleta vijana wa nchi za nje kusaidia kufundisha lugha katika shule zake. Hali kadhalika, vyuo vikuu vyake vimewaalika wataalamu wetu: mwandishi wetu mashuhuri Said Ahmed Mohamed alipata kufundisha Kiswahili Osaka.

Mwalimu mgeni katika shule ya Kijapani hukutana na kanuni ambazo hazikuandikwa zote. Mlangoni huvua viatu vya nje na kuvaa vya ndani. Siku ya sherehe ya kupokea wanafunzi wapya, mwezi wa Aprili, hutarajiwa kuvaa suti ya rangi ya kiza, ingawa katika siku za kawaida huenda mwenzake wa michezo akashinda na nguo za mazoezi kutwa nzima. Mwenye chale za rangi mwilini huhimizwa azifunike. Kiangazi, tangu mwaka 2005, serikali yenyewe imehimiza watumishi waache tai na koti ili kupunguza matumizi ya umeme wa kupozea hewa. Na mgeni akialikwa katika sherehe ya kijijini akavishwa vazi la jadi, hana budi kukumbuka kwamba upande wa kushoto hulazwa juu ya upande wa kulia. Akiligeuza atakuwa amevaa kama anavyovishwa maiti.

Jambo la kuzingatia si wingi wa kanuni hizo. Mtu wa pwani hatashangazwa na kuvua viatu mlangoni, kwani alifanya hivyo chuoni tangu utotoni. La kuzingatia ni kwamba huko mgeni ndiye anayejifunza. Hakuna anayetarajia kijana aliyetoka ng'ambo jana awaamuru wazazi wa Kijapani waje shuleni wamevaa kama watu wa kwao. Kwetu sisi mambo yamekuwa kinyume: mwalimu mgeni akishavaa tai, mwenyeji ndiye anayetakiwa kubadilika.

Hoja za upande wa pili

Wapo watakaosema kwamba suala hili ni dogo; kwamba shule za uwanda wa kati zina upungufu wa madawati, vitabu na maji, na kwamba mwalimu apimwe kwa ufundishaji wake. Tunakubali kwamba upungufu huo upo, wala hatudai kwamba vazi litaleta dawati. Lakini mzazi asiyekanyaga shuleni hachangii dawati, hafuatilii mahudhurio, wala hashtuki mtoto wake anapoacha shule. Mzee wangu wa mwaka 1986 alikuja kwa miguu yake mwenyewe kuzungumza kuhusu elimu ya mjukuu wake. Ni mzazi wa namna hiyo ambaye kila mwalimu mkuu humlilia katika mikutano, nasi tulikuwa naye, tukamfukuza.

Wengine watasema kwamba mwalimu ni mjumbe wa maendeleo, na kwamba akijishusha hadi kiwango cha kijiji atakuwa ameisaliti kazi yake. Hoja hii ilijibiwa mapema. Mwezi wa Machi 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alilaumu elimu ya kikoloni kwa kuwatenga wasomi na jamii iliyowazaa. Utengano huo hauanzii katika mtaala. Huanzia pale mtoto anapojifunza kumwonea baba yake aibu, na njia ya mkato ya kumfundisha aibu hiyo ni kumwonesha kwamba nguo ya baba yake haiingii ofisini. Mtoto niliyemtumia kutafsiri alifundishwa somo hilo kwa dakika mbili. Sina hakika kama katika miaka miwili nilimfundisha jingine lililomwingia kwa kina kama hilo.

Wapo pia, na hawa tunawaheshimu, watakaosema kwamba tukiwaachia wenyeji waamue vazi la mwalimu, tutakuwa tumewapa wazee fimbo ya kuwachapia walimu wa kike. Hofu hii ina msingi. Mara nyingi mjadala wa heshima ya mavazi huishia kuwa mjadala wa mwili wa mwanamke, naye mwalimu wa kiume mwenye shati lililofunguliwa vifungo vitatu hapelekwi popote. Jibu letu ni kwamba kujifunza lugha ya mwenyeji si kutii kila asemalo. Mtu anayejua lugha anaweza pia kubishana kwa lugha hiyo. Yule mwalimu wa sayansi, baada ya kukaa mwaka mmoja, alianza kuvaa suruali pana alipowafundisha wasichana mpira wa wavu, na hakuna mzazi aliyelalamika, kwa sababu wakati huo walikwishamjua. Angalivaa suruali hiyo siku ya kwanza, ingalikuwa shari.

Mapendekezo

Kutokana na maelezo haya tunapendekeza mambo manne.

Kwanza, vyuo vya ualimu, vikiwamo vile vyenye historia ndefu kama Mpwapwa, viache kufundisha unadhifu kana kwamba ni somo la pasi na sabuni. Mwalimu mwanafunzi afundishwe kuuliza: watu wa mahali niendapo humwonesha mgeni heshima kwa vazi gani, nami nitaitambuaje heshima hiyo nitakapooneshwa?

Pili, kila shule inayopokea mwalimu mgeni, awe wa nje au wa ndani, imkabidhi kwa mwenyeji mmoja wa makamo yake atakayemwelekeza kwa faragha. Khanga iliyotolewa kwa upole na mwalimu mwenzake ilifanya kazi ambayo barua ya onyo isingeifanya.

Tatu, ielezwe wazi, na ibandikwe katika mlango wa ofisi ya mwalimu mkuu, kwamba kanuni za mavazi ya shule zinawahusu walimu na wanafunzi tu. Mzazi aje na lubega, aje na kanzu, aje na ovaroli yenye mafuta ya mashine au na nguo iliyolowa maji ya bwawa. Amekuja kwa ajili ya mtoto.

Nne, wanafunzi wa idara za Kiswahili wakusanye msamiati wa mavazi wa lugha za uwanda wa kati na matumizi yake, hasa majina yanayotofautisha vazi la kazini, la safarini na la kumwendea mtu wa heshima. Kamusi zetu zinaeleza lubega ni nini. Hazielezi ni lini mtu huvaa lubega mpya.

Hitimisho

Wahenga walisema ukienda kwa wenye chongo nawe funga lako jicho. Wengi huichukua methali hii kuwa ni nasaha ya kuiga. Sisi tunaona kwamba ina maana ya ndani zaidi: anayefunga jicho lake moja kwa hiari hujifunza jinsi wenzake wanavyoiona dunia, na hakatazwi kulifungua tena. Mwalimu mgeni halazimiki kuvaa shuka akifika Mtera. Shati safi na suruali ya kawaida, au gauni la heshima na khanga iliyosomwa jina lake, vinatosha kabisa. Anacholazimika ni kujua kwamba anasomwa, na kwamba yeye pia ana wajibu wa kusoma.

Leo barabara ya Mtera imewekwa lami, na tangu mwaka 2016, Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa kasi, suti zimekuwa nyingi katika nchi ya Wagogo kuliko wakati wowote uliopita. Wageni wataongezeka, na walimu watakuwa miongoni mwao. Ninaandika haya kwa ajili yao. Atakapotokea mzee mlangoni mwa ofisi akiwa na shuka begani, mwalimu na aiangalie vizuri kabla ya kusema neno. Huenda ina alama za mikunjo.